Maabara Iwafuate Wananchi wa Mara

Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara karibu na Daraja la Kirumi, penye njia kuu itokayo Musoma kwenda Tarime, yaligeuka rangi yakawa meusi, yakatoa harufu mbaya, na samaki wakaonekana wakielea wamekufa. Serikali iliunda kamati ya wataalamu chini ya uenyekiti wa Profesa Samwel Manyele ili itafute chanzo. Baada ya siku chache jibu lilitolewa: mimea iliyooza, pamoja na kinyesi na mikojo ya mifugo iliyorundikana kwa muda mrefu katika bonde la mto, ilikuwa imemaliza hewa ya oksijeni ndani ya maji. Sumu ya migodini haikutajwa kuwa chanzo. Jibu hilo lilipokewa kwa mashaka makubwa. Wapo waliolicheka hadharani, na wapo waliosema kwamba kuna jambo linalofichwa.

Kwa mtu aliyesoma kemia kidogo, jibu la kamati halina maajabu. Vijidudu vinavyoozesha majani na samadi huvuta oksijeni kama moto unavyovuta hewa, na maji yenye uozo mwingi huweza kuishiwa oksijeni, samaki wakafa, bila ya tone moja la sumu kumwagwa na mtu. Lakini mashaka ya wananchi nayo hayakuzuka bure. Mwaka 2009 wananchi wa Tarime walilalamikia maji ya Mto Tigithe, na mwaka 2019 Serikali yenyewe iliutoza Mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya kuvuja kwa bwawa lake la maji machafu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mvuvi wa Kirumi alipoambiwa kwamba safari hii ni samadi, hakuwa na namna ya kulipima neno hilo. Alitakiwa aamini tu.

Hapo ndipo penye kasoro, na kasoro hiyo ni kubwa kuliko tukio lenyewe la Kirumi. Mkoa wa Mara una ziwa, mto, migodi, pamba, mifugo na viwanda vya samaki, yaani karibu kila kitu ambacho kemia ya afya na mazingira inakihitaji ili ifanye kazi yake. Walakini katika vijiji vingi mtaalamu wa kemia huonekana siku ya msiba. Akifika siku ya msiba huja kama hakimu, na hakimu asiyefahamika kijijini haaminiwi kirahisi hata anaposema kweli. Kama vipimo vya oksijeni, vya rangi ya maji na vya madini mazito vingekuwa vikibandikwa kila mwezi kwenye ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili cha kueleweka, mwananchi angeiona oksijeni ikishuka kabla ya samaki wa kwanza kuelea. Angeweza pia kubishana na wataalamu kwa tarakimu. Ubishi wa namna hiyo ni wa manufaa, wala hauna sababu ya kuogopwa na mtu yeyote.

Lakini uozo wa mto huonekana kwa macho na kunusika kwa pua. Ipo hatari nyingine katika mkoa huu ambayo haionekani wala hainuki, nayo ni zebaki.

Wilaya ya Butiama inayo Buhemba, Bunda inayo Kinyambwiga, na sehemu za Musoma Vijijini nazo hazikosi wachimbaji. Dhahabu ya huku si ngeni. Kiabakari ulikuwa mgodi mkubwa wa kampuni mpaka ulipofungwa mwaka 1966, na Buhemba ulikuwa ukichimbwa tangu enzi za wakoloni. Kampuni zilipoondoka dhahabu iliyobaki chini ikawa riziki ya wachimbaji wadogo wadogo, na njia yao ya kuipata inajulikana na kila mtu aliyewahi kufika kwenye machimbo. Mawe hutoka katika duara, yakasagwa kwenye karasha; unga wake hupitishwa na maji juu ya mwalo uliotandikwa magunia; mchanga mzito unaonaswa hapo hutiwa katika beseni. Kisha humiminwa zebaki, na mtu hukanda kwa mikono mitupu kama akandaye unga wa chapati. Zebaki huishika dhahabu na kuacha mchanga. Donge hilo la rangi ya kijivu hukamuliwa katika kitambaa, halafu huchomwa juu ya moto wa mkaa, mara nyingi nyumbani, wakati mwingine palepale panapopikwa chakula cha jioni.

Siri ya kazi hii imo katika tarakimu mbili. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi, na dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Kwa hiyo moto wa kawaida wa mkaa huifukuza zebaki na kuiacha dhahabu. Katika nafasi iliyopo kati ya nyuzi hizo ndimo ilimo riziki ya watu wengi, na humo humo ndimo ulimo ugonjwa wao. Zebaki iliyofukuzwa haikutoweka. Imegeuka mvuke usio na rangi wala harufu, na katika kila sehemu kumi za mvuke huo anazovuta mtu, kama nane hubaki mwilini mwake. Hupita kwenye mapafu, zikaingia katika damu, zikafika kwenye ubongo na figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Dalili zake huja polepole: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kusahau, hasira zisizo na sababu. Mikono inayotetemeka huweza kudhaniwa kuwa ni ya pombe, na mgonjwa akafa na aibu isiyokuwa yake.

Ulimwengu ulikwisha kujifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1956 huko Minamata, Japani, ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu ulitangazwa miongoni mwa familia za wavuvi. Ikaja kubainika kwamba kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga zebaki baharini, ambayo iliingia ndani ya samaki, na watu wakala samaki hao. Jina la mji huo ndilo lililopewa mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanaonyesha kwamba mwaka 2015 shughuli za binadamu zilirusha hewani kiasi cha tani 2,220 za zebaki, na sehemu 38 katika kila mia zilitokana na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Hakuna kazi nyingine duniani iliyorusha zebaki nyingi kiasi hicho.

Katika kusema hivyo, haki itendeke kwa samaki wa Ziwa Victoria. Uchunguzi mbalimbali uliofanywa tangu miaka ya 1990 ulikuta kwamba samaki wengi wa ziwa hilo wana zebaki chini ya kiwango cha miligramu 0.5 kwa kilo, ambacho ndicho kikomo kinachotumiwa sana kimataifa. Mama wa Musoma anayenunua dagaa au sangara kwa ajili ya watoto wake hana sababu ya kurudi nyumbani na mkono mtupu kwa hofu. Hatari iliyo karibu zaidi ni ya yule anayechoma donge, na ya wale wanaokaa naye nyumba moja. Hata hivyo zebaki iliyomo katika marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, husombwa na mvua ikaelekea mitoni, na huko vijidudu vya tope huigeuza kuwa aina nyingine iliyo kali zaidi, ambayo hupanda kutoka kwa mdudu hadi samaki mdogo, na kutoka kwa samaki mdogo hadi samaki mkubwa amlaye. Sangara ni mla samaki wenzake. Kipimo cha jana kilichokuwa kizuri hakimhakikishii mtu kipimo cha kesho.

Wavuvi na wafanyakazi wa viwanda vya samaki wanajua maana ya kukosa vipimo. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu ya sumu za kuulia wadudu ambazo wavuvi haramu walikuwa wakizitumia ziwani. Mvuvi mwaminifu aliyetumia nyavu halali alipoteza soko pamoja na yule aliyemwaga sumu. Soko lilifunguliwa baada ya nchi za ziwa kuonyesha kwamba zinao ukaguzi na maabara ya kuaminika. Yaani karatasi ya mkemia ndiyo iliyomrudisha mvuvi ziwani, kwa kuwa samaki wenyewe walikuwa ni wale wale.

Sasa, wapo wanaoamini kwamba dawa ya zebaki ni kuipiga marufuku basi. Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inamtaka kila aingizaye na auzaye kemikali kusajiliwa na kukaguliwa, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inayo ofisi ya Kanda ya Ziwa mjini Mwanza. Lakini zebaki ni nzito na kiasi chake ni kidogo; chupa ya soda inatosha kubeba kilo kadhaa, na chupa ya soda hupita mahali pengi. Zaidi ya hayo mchimbaji ana sababu yake. Zebaki humpa fedha jioni ile ile. Ana wenzake wa duara wa kugawana nao, ana mwenye karasha wa kulipa, na ana watoto wanaosubiri unga. Kumwambia aache zebaki pasipo kumwonyesha njia nyingine itakayompa fedha jioni ile ile ni kumwambia alale na njaa kwa ajili ya afya yake.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba zebaki humwibia pia. Mara nyingi haishiki hata nusu ya dhahabu iliyomo katika mawe. Inayosalia hubaki katika marudio, na marudio hayo kwa desturi ya machimbo mengi humwangukia mwenye karasha au mwenye mtambo wa vati, ambaye huyachenjua kwa sayanaidi na kupata dhahabu ile ambayo mchimbaji aliitokea jasho asiione. Kwa hiyo mchimbaji huchukua sumu yote na sehemu ndogo ya mali. Baya zaidi, sayanaidi ikikutana na zebaki iliyobaki katika marudio huiyeyusha na kuifanya iende mbali pamoja na maji. Mkataba wa Minamata unazitaja kazi nne za kukomeshwa kwanza, nayo hii ni mojawapo: kuchenjua kwa sayanaidi marudio yenye zebaki kabla ya kuiondoa zebaki hiyo. Nyingine ni kumwagia zebaki mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga mzito peke yake, kuchoma donge mahali pa wazi, na kulichoma katika makazi ya watu. Mwenyeji yeyote wa machimbo anaweza kujihesabia mwenyewe ni ngapi kati ya hizo anazoziona kila wiki.

Kemia ya kutumika inazo njia za kumsaidia mchimbaji, na baadhi yake si za gharama. Ya kwanza ni retoti, chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba, ambamo donge huchomwa kwa ndani, mvuke ukapoa katika bomba lenye kitambaa kibichi na kurudi kuwa zebaki ya kutumika tena. Kifaa hiki humwepusha mtu na mvuke na kumpunguzia gharama ya kununua zebaki nyingine. Pamoja na hayo kimekataliwa mahali pengi, na sababu yake ni ya kibinadamu kabisa: chuma hakionyeshi ndani. Wachimbaji watano wenye donge moja hutaka kuiona dhahabu yao kwa macho yao tangu ikiwa ya kijivu mpaka ing'ae, asije mtu akaibadilisha. Mtaalamu aliyebuni retoti akiwa mjini hakulifikiri hilo. Fundi aliyekaa machimboni juma moja angelifikiri siku ya pili, akatengeneza retoti yenye kifuniko cha kioo.

Njia nyingine ni boraksi, chumvi ya kawaida inayotumiwa na masonara. Mchanga mzito ukisafishwa vizuri kwa kupepetwa majini, ukachanganywa na boraksi, dhahabu huweza kuyeyushwa kwa moto wa mkaa wenye mvukuto, bila ya zebaki hata tone. Wachimbaji wa milima ya Benguet nchini Ufilipino wameitumia njia hiyo kwa miongo mingi, na imekwisha kujaribiwa hapa Tanzania. Ugumu wake ni kwamba inataka mikono yenye ujuzi wa kupepeta, na haifai sawasawa kwa kila aina ya mwamba. Je, mwamba wa Kinyambwiga unaikubali? Na ule wa Buhemba, ulio na madini mengine ndani yake, unataka kusagwa laini kiasi gani? Maswali kama hayo hayajibiwi kwa kusoma kitabu cha Ufilipino. Yanajibiwa kwa kuchukua gunia la mawe ya mahali hapo na kulifanyia kazi, mara kumi, mara ishirini, mchimbaji akiwa amesimama pale akiona mizani.

Hapa ndipo linapoingia neno ambalo siku hizi husikika sana kwa wasomi, nalo ni nano. Watu wengi huliogopa kama jambo la nchi tajiri. Maana yake ni udogo tu. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Kitu kikisagwa au kutengenezwa kwa udogo wa nanomita chache, au kikiwa na vitundu vya ukubwa huo, uso wake huongezeka mno. Gramu moja ya mkaa uliotayarishwa kwa ustadi, usiotosha kujaza kijiko cha chai, inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 1,000 ukihesabu kuta za vitundu vyake vyote. Uso huo ndio unaonasa uchafu. Ukipakwa salfa hunasa zebaki, kwa sababu salfa na zebaki hushikana sana. Fedha, yaani madini ya fedha, ikiwa katika chembe za nano huua vijidudu vya maji.

Tena haya hayajaishia ughaibuni. Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu na mhadhiri wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, aliunganisha chujio la mchanga, ambalo wazee wanalijua, na vitu vya nano vinavyoweza kuchaguliwa kulingana na uchafu wa mahali: penye floraidi hutiwa cha floraidi, penye madini mazito hutiwa cha madini mazito. Mwaka 2015 kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000, akiwa mtu wa kwanza kuipata. Uzuri wa chujio hilo umo katika wazo lake kwamba maji ya kila mahali yana ugonjwa wake, na tiba yake lazima ifuate ugonjwa huo. Chujio la Arusha likiletwa Butiama kama lilivyo, bila ya maji ya Butiama kupimwa kwanza, litakuwa limelikanusha wazo lenyewe lililolizaa.

Malighafi ya kazi hii imejaa Mara. Mabua ya pamba ya Bunda kila mwaka hung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno, kwa amri ya serikali, ili wadudu wasipate pa kujificha mpaka msimu ujao. Mabua yale yale yakichomwa katika pipa lisilopitisha hewa hutoa mkaa ambao ni mwanzo mzuri wa kaboni ya kuchujia. Maganda ya mpunga yakiungua huacha jivu ambalo sehemu yake kubwa ni silika, kitu kinachotumiwa kutengenezea vitu vya nano. Mifupa ya samaki ina fosfati ya chokaa, ambayo hunasa floraidi na risasi. Juu ya mifupa hiyo lakini pana onyo: mapanki yanayotoka katika viwanda vya samaki ni kitoweo cha familia nyingi zisizo na uwezo wa kununua mnofu. Mtafiti atakayekuja na bei ya kuyachukua mapanki yote kwa ajili ya machujio atakuwa amesafisha maji ya kaya na kuiondolea mboga. Na aanze na mifupa iliyokwisha kutafunwa.

Yapo mengine yanayopaswa kusemwa waziwazi ili wananchi wasiuziwe matumaini. Chujio lolote hujaa. Kaboni iliyonasa zebaki kwa mwaka mzima ni taka ya sumu, na mtu akiitupa shambani amerudisha zebaki ile ile kwa njia ndefu. Chembe za fedha zikiwa nyingi kuliko inavyotakiwa nazo zina madhara kwa viumbe wa majini. Wala hakuna chujio, la nano au la mchanga, litakalomzuia kijana wa kando ya ziwa asipate kichocho akiingia majini kuogelea. Kazi ya nesi na ya bwana afya haiondolewi na kazi ya mkemia.

Taifa hili linazo kumbukumbu za kutosha kuhusu vyombo vilivyoletwa bila ya mtunzaji. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulipofika lengo lilikuwa mbali, na pampu nyingi zilizofungwa zilikuwa zimenyamaza kwa kukosa mafuta, vipuri au fundi. Leo wapo Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ulioanza mwaka 2019, na upo mradi mkubwa wa Mugango, Kiabakari na Butiama, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuwekea jiwe la msingi Februari 2022. Katika mitambo mikubwa maji hutiwa shabu ili tope lishikane na kuzama, kisha klorini ili vijidudu vife. Ni kemia ya zamani na ni ya kuaminika. Penye bomba lililo zima, nano haina kazi ya haraka. Kazi yake iko kwenye kisima na lambo la kitongoji ambako bomba halijafika, na hasa kwenye mabwawa ya marudio, ambako maji machafu yanaweza kunaswa sumu yake kabla hayajaondoka.

Swali basi ni nani aifanye kazi hii, na kutoka wapi. Butiama pamewekwa chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Julius Nyerere, ambacho kimo katika mradi wa mageuzi ya elimu ya juu ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia kwa ajili ya vyuo vya umma nchini. Chuo kikuu kilichokaribiana na Buhemba, na kutoka hapo mtu akafika ziwani na kwenye pamba ya Bunda bila ya safari ndefu, hakihitaji kutafuta mada ya utafiti katika majarida ya kigeni. Mada ziko pande zote za uzio wake. Mwaka 1967 Mwalimu aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea akilalamikia shule zinazomtenga kijana na jamii iliyomlea. Lingekuwa jambo la kusikitisha kama katika kijiji alikozaliwa mwaka 1922, na alikozikwa mwaka 1999, maabara ingejengwa yenye milango inayofungukia ndani tu.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mtafiti kijana hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha, na makala kuhusu chembe mpya ya nano iliyonasa zebaki katika chupa ya maji yaliyotengenezwa maabara huchapishwa upesi kuliko makala kuhusu retoti iliyokubaliwa na wachimbaji arobaini. Mabaraza ya vyuo hayana budi kulitazama hilo. Mtafiti anayetumia miaka mitatu kufanya boraksi ishike Kinyambwiga ahesabiwe kuwa amefanya sayansi, na apandishwe cheo kwa hiyo.

Elimu nayo ifikishwe kwa njia zilizokwisha kuthibitika. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kiasi cha milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma kitabu kimoja, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Kampeni hiyo ilifanikiwa kwa sababu kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake mwenyeji na kazi ya kufanya baada ya kipindi kwisha. Machimbo yana redio, na siku hizi yana simu. Kikundi cha wachimbaji kumi na wawili, pamoja na wanawake wanaopepeta mchanga, wenye mwalo, na akina mama lishe ambao moshi wa kuchomea huwafikia, kinaweza kufundishwa kwa majuma sita namna ya kupima, kuchomea mbali na nyumba, kutumia retoti, na kumpeleka zahanati mwenzao anayetetemeka. Mganga wa zahanati naye afundishwe kuuliza swali moja ambalo si gumu: wewe, au mtu wa nyumbani kwako, anachoma dhahabu?

Kuhusu fedha, dhahabu ya wachimbaji wadogo tangu mwaka 2019 hupitia katika masoko ya madini, na mrabaha na tozo zake huhesabiwa hadharani. Sehemu ndogo ya makusanyo ya Mara ingetosha kulipia mashine ya kupimia zebaki, mafundi wawili wa maabara, gari moja la kuzungukia machimbo na vijiji vya kando ya mto, pamoja na pipa maalumu la kukusanyia kaboni iliyojaa. Gari hilo lianzie Buhemba, ambako nyumba na vibanda vya kuchomea ni majirani, kisha lifike Kinyambwiga, kisha Kirumi. Matokeo yake yabandikwe ukutani kila mwezi, mazuri na mabaya, na karatasi ya mwezi uliopita isibanduliwe ile mpya inapowekwa.